Kipimo cha homa kinasema nini? Mazungumzo na mama wa siku ya kupima watoto

Muketi vizuri, wenye watoto wachanga wawanyonyeshe, na tusikilizane kidogo mbele ya kuanza kupima kilo.

Leo hatutasema juu ya uji wala juu ya chanjo. Tutasema juu ya kitu kidogo ambacho wengi wenu muko nacho nyumbani sasa: kipimo cha homa cha pile, kile chenye kidirisha cha namba, kinacholia «bip, bip» kikimaliza kazi.

Kwa nini tunakizungumza? Ni kwa sababu ya mambo tuliyoyaona. Mama mmoja alifika hapa asubuhi, mutoto wake wa miezi 14 mugongoni, amelegea. Tulimuuliza: «Mama, mutoto ameanza kuugua lini?» Akajibu: «Tangu jana jioni, munganga. Mukono wangu ulisikia moto. Lakini nilimupima mara tatu usiku, kipimo kikasema 36,2. Nikasema, basi, mukono wangu unanidanganya.» Sisi tulimupima: 39,6. Tulimutoboa kidole, tukaona malaria. Usiku muzima ulikuwa umepita bila dawa.

Yule mama hakuwa muzembe. Alinunua kipimo, alikitumia, aliamini namba. Na kipimo chake hakikuharibika. Tulikijaribu tukaona ni kizima. Basi kosa lilikuwa wapi? Ndilo tutakalojifunza leo. Tukijua ginsi kipimo kinavyopata namba yake, tutajua saa ya kuiamini na saa ya kuikataa.

KIPIMO CHA ZAMANI NA KIPIMO CHA SASA

Mama wakubwa walio hapa wanakumbuka kipimo cha zamani cha kioo. Ndani yake mulikuwa zebaki, ile chuma inayotiririka kama maji na kung'aa. Zebaki ikipata joto inavimba na kupanda katika kioo, nasi tunasoma kwenye mistari. Kilikuwa kizuri, lakini kikivunjika, zebaki ni sumu. Kwa sababu hiyo mataifa mengi yalifanya mapatano mwaka 2013, yanayoitwa mapatano ya Minamata, ya kuacha kutengeneza na kuuzishana vipimo vya zebaki. Mwisho uliwekwa mwaka 2020.

Kipimo cha pile hakina zebaki. Angalieni ncha yake, ile ya chuma inayong'aa. Ndani ya ncha ile kumefichwa tembe moja ndogo sana, pengine ndogo kuliko mbegu ya lengalenga. Jina lake ni termista. Ndiyo inayosikia joto. Vyote vingine, yaani kidirisha, mulio na kijiwe cha pile, vinaitumikia tembe ile.

Termista inatengenezwa kwa unga wa kutu za madini, kama manganizi, nikeli na kobalti. Unga ule unabanwa na kuchomwa katika moto mukali, kama vile mama zetu wanavyochoma vyungu. Kobalti munaijua, inachimbwa katika inchi yetu, upande wa Kolwezi.

TERMISTA INASEMA LUGA GANI?

Hapa musikilize vizuri, kwani hapa ndipo penye siri.

Termista haijui digrii. Haijui 37 wala 40. Inajua jambo moja tu: kupitisha umeme kwa shida au kwa urahisi. Kila kitu umeme unapopita kinauzuia kidogo. Ule uzuio unapimwa kwa om, kama vile uzito wa mutoto unavyopimwa kwa kilo.

Termista ikiwa baridi, inauzuia umeme sana. Ikipata joto, inaachilia, umeme unapita zaidi. Mwingereza mumoja, Michael Faraday, aliona jambo la namna hii mwaka 1833 katika kitu kilichofanyika kwa feza na salfa. Chuma za kawaida zikipata moto zinazuia umeme zaidi. Ile ilifanya kinyume chake. Leo kinyume kile ndicho kinachotusaidia kupima watoto wetu.

Basi, kipimo kinatuma umeme kidogo sana ndani ya termista. Mutoto hausikii hata kidogo, na hauwezi kumudhuru. Kando ya termista kumewekwa kizuizi kingine ambacho joto halikibadilishi. Kipimo kinalinganisha hivi viwili: huyu anazuia kadiri gani, na yule kadiri gani? Kwa kulinganisha hivyo kinapata hesabu ya om, hata kama pile imepungua nguvu kidogo, kwa sababu upungufu ule unawafikia wote wawili sawasawa. Lakini pile ikikaribia kufa kabisa, kipimo chenyewe kinaonyesha alama ya pile katika kidirisha. Mukiona alama ile, musipime tena. Mubadilishe pile kwanza.

KUGEUZA OM KUWA DIGRII

Sasa kipimo kina om, lakini mama anataka digrii. Lazima kubadilisha. Hapa ninyi mama wa soko mutaelewa upesi kuliko sisi. Munapouza ngambo ya mupaka munapata feza za kule, kisha munakwenda kwa mubadilishaji. Munauliza nini kwanza? «Leo inabadilishwa kwa ngapi?» Mutu akibadilisha feza za leo kwa bei ya mwaka jana, atarudi nyumbani analia.

Termista pia iko na bei yake ya kubadilisha. Na ubaya wake ni kwamba bei ile inabadilika kwa kila hatua ya joto. Tuchukue termista ya namna moja iliyo ya kawaida. Hesabu zake ni karibu hivi:

Joto likiwa 25, uzuio ni om 10 000.
Joto likiwa 26, om 9 570.
Joto likiwa 37, om 5 990.
Joto likiwa 38, om 5 750.
Joto likiwa 39, om 5 520.
Joto likiwa 40, om 5 300.

Angalieni. Kutoka 25 mpaka 26, om 430 zimeanguka. Lakini kutoka 39 mpaka 40, zimeanguka 220 tu, karibu nusu. Ni kama njia ya mulima: chini inapanda sana, juu inaanza kulala. Hatua za mutu ni zilezile, lakini hapandi sawasawa.

Sasa tuseme mutu fulani mwenye haraka atengeneze kipimo na aseme: «Digrii moja ni om 430, basi, siku zote.» Mutoto ana homa ya 40. Termista inasema kweli yake: om 5 300. Mutu yule anahesabu: kutoka 10 000 mpaka 5 300 zimeanguka om 4 700, nagawanya kwa 430, napata karibu 11, naongeza juu ya 25. Kidirisha kitaandika 35,9! Mutoto anaungua, na namba inasema ana baridi. Si munaona, mama? Termista haikusema uongo. Ni mwenye kubadilisha aliyeharibu.

Kwa hiyo hesabu ya kweli lazima ifuate ile njia inayojipinda. Wenye elimu wawili, Steinhart na Hart, walitoa namna ya hesabu hiyo mwaka 1968 katika gazeti la elimu ya bahari, maana wanaopima joto la maji ya bahari walihitaji namba sahihi. Katika hesabu yao, kila termista iko na namba tatu zake yenyewe. Mutu anaipataje? Anaiweka termista katika joto tatu zinazojulikana hakika, anasoma om kila mara, kisha anatafuta namba tatu zinazokubaliana na yote. Tangu hapo, om yoyote itakayosomwa katikati inaweza kugeuzwa kuwa digrii.

Katika kipimo cha homa, kazi ile inafanywa na mashini ndogo sana iliyo nyuma ya kidirisha. Inafuata hesabu kama ile, au orodha iliyoandikwa ndani yake tangu kiwandani. Na inapaswa kuwa angalifu, kwa kuwa sehemu moja ya kumi ya digrii, kama kutoka 38,0 mpaka 38,1, ni om 23 hivi tu katika 5 750. Kipimo kizuri hakikosei zaidi ya 0,1 kikiwa katikati ya joto la homa.

NAMBA NI YA NANI?

Sasa turudi kwa yule mama wa kwanza. Kipimo chake kilikuwa kizima, hesabu yake ilikuwa nzuri. Kwa nini kiliandika 36,2?

Tulimuomba atuonyeshe ginsi alivyopima. Aliweka kipimo kwapani, lakini juu ya shati. Ncha ilitokea nyuma ya kwapa, katika upepo. Na kwa kuwa mutoto alilia, alikitoa mbele ya mulio.

Mama wapenzi, mushike neno hili moja, hata mukisahau yote mengine: NAMBA ILE SI JOTO LA MUTOTO. NI JOTO LA NCHA YA KIPIMO. Termista inasema joto lake yenyewe tu. Ni kazi yetu kufanya ncha na mwili wa mutoto vipate joto moja. Kama ncha iko katika shati, kipimo kitasema joto la shati. Kama iko katika upepo, kitasema upepo. Na kitasema kwa usahihi sana, mpaka namba nyuma ya mukato!

Ncha ikiingia kwapani ikiwa baridi, inapata joto polepole, na namba inapanda pamoja nayo. Mashini inangojea mpaka ione namba imeacha kupanda, ndipo inalia. Ukikitoa mbele ya mulio, umesoma ncha iliyo katikati ya njia.

NAMNA YA KUPIMA VIZURI

1. Osha ncha kwa maji ya kawaida na sabuni, pangusa ikauke. Hapana kuichemsha! Maji yanayochemka yanaweza kuiharibu.
2. Kama mutoto ametoka kuoga, au alikuwa karibu na moto wa jikoni, au amefunikwa sana, ngojea kama robo ya saa.
3. Fungua shati. Pangusa jasho la kwapa, kwa sababu jasho linapoza ngozi.
4. Washa kipimo, ngojea kiwe tayari.
5. Weka ncha katikati kabisa ya kwapa, chuma kwenye ngozi, pasipo nguo katikati.
6. Shusha mukono wa mutoto, ubane ubavuni, umushike kifuani. Anaweza kunyonya wakati ule.
7. Ngojea mulio. Kwapani joto linafika polepole, kwa hiyo hata baada ya mulio uache dakika moja au mbili tena, kisha soma. Ukiona namba imepanda, amini ile ya mwisho.
8. Andika namba na saa katika karatasi. Ukija hapa, utuonyeshe.

NAMBA INATUAMBIA KUFANYA NINI?

Kwapani, 37,5 au zaidi ni homa. Mutoto wa miezi miwili na zaidi mwenye homa aletwe kupimwa malaria siku ileile au kesho yake asubuhi. Musimupe dawa ya malaria ya kubahatisha. Ikifika 38,5 au zaidi, tunaweza kumupa paracetamol kadiri ya kilo zake, anyweshwe mara nyingi, apunguziwe nguo. Musimwage maji ya baridi juu yake.

Mutoto aliye chini ya miezi miwili ni habari nyingine. Kwake 37,5 au zaidi ni hatari, na chini ya 35,5 ni hatari vilevile. Wote wawili waje mara moja, hata usiku.

Kuna mama waliotuambia: «Kipimo changu kimeharibika, kinaandika L tu, au Lo.» Mama, musikitupe! Katika vipimo vingi alama ile inasema ncha iko chini ya 32. Kama umeiweka vibaya, weka vizuri, pima tena. Lakini kama umeiweka vizuri juu ya mutoto muchanga na bado inasema hivyo, mutoto amepoa sana, na anaweza kufa. Muweke uchi kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, muvalishe kofia, mufunikane pamoja, umunyonyeshe, na muje njiani hivyo hivyo.

Na hatari hizi hazingojei namba: mutoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana, haamki vizuri. Mukiona moja ya hizi, mulete, hata kama kipimo kimeandika 36,8.

MAULIZO YA MAMA

Mama mumoja: «Nitajuaje kama kipimo changu kinabadilisha vizuri?»

Ulizo zuri. Ukilete siku ya kupima watoto. Tunaweka maji ya vuguvugu katika bakuli, tunayakoroga, tunaingiza ncha ya kipimo chako na ncha ya kipimo cha hospitali pamoja, zikikaribiana, mpaka zote zilie. Zikipatana, au zikiachana kwa 0,1 au 0,2, kipimo chako ni kizuri. Zikiachana kwa nusu digrii, tunarudia. Zikiachana tena, kipimo kile kisipime mutoto tena. Mufanye hivyo hata kama kilianguka chini.

Mama mwingine: «Na kile kinachofanana na bunduki, walichotupima nacho kwenye kipaji wakati wa Ebola?»

Ndiyo, wengi tunakikumbuka katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, miaka ya 2018 mpaka 2020. Kile hakigusi ngozi. Kinapokea joto ambalo ngozi inalitoa kama vile moto unavyokuchoma ukiwa mbali. Lakini hata ndani yake mara nyingi muko termista, kwani kile chombo lazima kijue joto lake chenyewe mbele ya kuhesabu lako. Kinafaa kupitisha watu wengi mulangoni. Mutu akitoka katika jua kali au katika mvua, kinaweza kukosea. Kwa mutoto mugonjwa, turudi kwenye kwapa.

Bibi mumoja: «Sisi tulilea watoto kumi kwa mukono tu. Mukono hauna kazi tena?»

Iko na kazi, bibi! Mukono ndio unaogundua kwanza. Lakini mukono wako, nao ukitoka katika maji ya baridi, kila mutoto utamuona ana moto. Ukitoka jikoni, utamuona amepoa. Basi, mukono uite, kipimo kijibu. Na kama mukono unasema moto na kipimo kinasema hapana, usichague mumoja na kulala. Fungua shati, panga ncha vizuri, pima tena. Kama bado havikubaliani, mulete mutoto.

Yule mutoto wa miezi 14? Alikunywa dawa yake, siku ya tatu alikuwa anaomba chakula, na baadaye alirudi nyumbani. Mama yake bado anakitumia kipimo kilekile. Sasa anafungua shati kwanza.

TUKUMBUKE

Termista inasema om, mashini inageuza om kuwa digrii, na mama anahakikisha kwamba ncha imegusa mutoto kweli. Kazi ya kwanza na ya pili zimefanywa kiwandani. Ya tatu ni yenu, na hakuna mashini inayoweza kuifanya mahali penu.

Walio na vipimo, muvitoe; bakuli la maji liko tayari hapa. Wengine wafuate mustari wa kilo.